Nikinenepa presha, nikikonda maneno

BARUA

Shikamoo dada mshauri,

Nina miaka 42, ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini. Nauza chakula cha mchana kwenye kibanda njia ya kwenda bandarini: wali, ugali wa sembe na wa muhogo, samaki, maharage, kisamvu cha nazi. Wateja wangu wengi ni vibarua wa maghala ya korosho na madereva wa malori. Wamenipa jina la Mama Bonge, na mimi nimelipokea kwa mikono miwili. Mteja mgeni akiuliza chakula cha hapa kikoje, wenzake wanamjibu, "Si unamwona mwenyewe?"

Dada, naishi na VVU tangu mwaka 2012. Niligundulika kliniki ya wajawazito, mimba ya mtoto wangu wa pili, nikiwa Newala. Wakati ule nilikuwa nimekonda mno, mifupa ya shingo inaonekana hata nikijifunga khanga. Kabla sijapima, mtaa ulishanipima. Nikipita kisimani wanawake wananyamaza. Mume niliyekuwa naye akaondoka bila kuaga. Nashukuru mtoto alizaliwa salama na sasa anasoma sekondari, lakini maneno ya Newala ndiyo yaliyonihamishia mjini.

Nilipoanza dawa mwili ulirudi. Mwaka 2020 tulipobadilishiwa dawa tukawekwa kwenye hii ya TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, ndipo nilipofumuka hasa. Kutoka kilo 69 nikafika 92, na kimo changu ni sentimita 158. Sikulalamika hata siku moja. Huku mjini hakuna aliyenifikiria. Mtu akisemwa kwamba amekanyaga waya, mimi nakaa katikati ya wasemaji nachambua mchele, na hakuna anayenitupia jicho. Unene ndio ulionifungia midomo ya watu.

Nimeolewa tena. Mume wangu anajua kila kitu, tulipima pamoja kabla ya ndoa. Yeye hana virusi, na kila akirudia kupima anaonekana hana. Kipimo changu cha wingi wa virusi kinasoma kwamba havionekani. Ukitoa yeye na watu wa kliniki, hapa mjini hajui mtu mwingine. Mama mkwe hajui, wifi zangu hawajui, kikundi chetu cha vikoba hawajui.

Mwaka jana nilianza kuumwa kichwa cha kisogoni na magoti yakawa yananikataa asubuhi. Kliniki wakanipima presha, 168 kwa 104. Wakasema na sukari imeanza kupanda ingawa bado haijafika kwenye kisukari. Nikaandikiwa amlodipine, dawa ya presha, na daktari akanikalisha chini: "Mama, punguza mwili, la sivyo hivi viwili vitakusumbua zaidi ya hicho unachokiogopa."

Nikamsikiliza. Niliacha soda. Asubuhi nikienda Feri kununua samaki natembea badala ya kupanda bodaboda, jioni ugali nimeupunguza, chumvi nimeipunguza. Tangu msimu wa korosho uishe nimepungua kilo 7, sasa nina 85. Presha mara ya mwisho ilisoma 146 kwa 92. Muuguzi alinipongeza mbele ya wenzangu, nikatoka pale nimefurahi.

Furaha yenyewe haikudumu. Tulikuwa kwenye sherehe ya kumtoa mwali, binti wa wifi yangu mkubwa. Nimevaa sare, gauni linanipwaya. Wifi akanishika mkono mbele ya watu, akasema, "Mke wa kaka, mbona umekwisha hivi? Unaumwa nini?" Wanawake wawili waliokuwa wanakatakata vitunguu wakatazamana. Mimi yale macho nayajua, nimeyaona Newala. Sikula siku ile.

Wiki ileile mteja akanitania, "Mama Bonge bonge limekwenda wapi?" Wenzake wakacheka, mimi nikahisi mwiko unanitetemeka mkononi.

Nilipomweleza mume wangu, nilidhani atanitia moyo. Akakaa kimya kwanza, halafu akasema, "Dada ameshaniuliza na mimi. Watu wananiangalia. Rudisha mwili wako, mambo ya presha meza dawa yatosha." Tangu hapo akirudi jioni ananiletea chipsi na soda, ananisimamia nile.

Juu ya hayo, mwenzangu wa vikoba anauza poda ya kupunguza tumbo, anasema inapunguza kitambi tu na kuacha uso ulivyo. Na kwenye foleni ya kliniki nimesikia kwamba hii TLD ndiyo inayotunenepesha. Sasa najiuliza, kama unene wenyewe ni wa dawa, si natwanga maji kwenye kinu na kutembea kwangu? Nimefikiria kuomba nirudishiwe dawa ya zamani, au hata niwe naruka ruka dozi.

Nikinenepa nina presha, nikikonda nina maneno. Nimsikilize daktari au mume? Nimwambie wifi ukweli nipumzike, au nirudi kula kama zamani yaishe?

Ni mimi, Mama Bonge, Mtwara


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na hongera pia. Kilo 7 kwa mtu anayeshinda mbele ya sufuria ya wali wa nazi si jambo dogo, na naona katika barua yako yote hukujipongeza hata kwa mstari mmoja.

Nieleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Umekuja na swali la uzito, lakini uzito wenyewe unajua kuushughulikia. Kinachokusumbua ni kwamba kwa miaka yote ya mjini mwili wako umekuwa ukikujibia maswali ambayo hujawahi kuulizwa. Ulivyopungua, maswali yameanza kuulizwa kwa mdomo, na huna jibu lililoandaliwa. Mumeo naye hana. Ndiyo maana chipsi zinaingia nyumbani.

Hofu yako siichukulii kuwa ya kujitakia. Ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata mgonjwa wa kawaida wa Tanzania hakuwa na dawa. ARV za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Watu wa rika langu na lako tulizika ndugu tuliowaona wakiisha nyama wiki hadi wiki. Hata dawa za mwanzo hazikusaidia kuondoa picha hiyo, kwa sababu stavudini, iliyotumika sana wakati huo, ilikuwa ikifyonza mafuta ya mashavu na miguu, mtu anapona huku uso umebonyea. Kwa hiyo wifi yako akikushika mkono, anasoma alama alizofundishwa zamani.

Ila alama hizo zimepitwa, na ushahidi ni wewe. Ulikuwa na kilo 92 na virusi ulikuwa navyo. Wapo wembamba wa kuzaliwa pale Feri wanaobeba matenga ya samaki na hawana chochote. Nakuuliza kwa upole: je, inawezekana kwamba wewe mwenyewe, moyoni, bado unaamini unene ni afya na wembamba ni hukumu? Nauliza kwa sababu mtu wa kilo 85 mwenye kimo cha sentimita 158 hajakonda. Ukiigawa hiyo 85 kwa kimo cha mita 1.58 kilichozidishwa kwa chenyewe, unapata 34, na hesabu ya wataalamu inaanza kuita unene wa kupindukia kuanzia 30. Ili ufike hiyo 30 tu, ungepaswa kuwa na kilo 75. Watu hawajauona wembamba, maana haupo. Wameona badiliko. Macho ya watu hushtuliwa na badiliko, halafu huzoea.

Na hao walioshtuka, hebu tuwahesabu. Wifi aliuliza unaumwa nini. Mteja alitania kama anavyotania siku zote. Wanawake wawili walitazamana. Huenda walichokifikiria ndicho unachokiogopa, sikatai. Huenda pia mmoja alikuwa anataka kujua umefanyaje naye apungue. Wewe umeyajaza macho yao maneno ya Newala, na kwa yaliyokupata huko ni haki yako kushtuka, lakini Newala ya 2012 na uani kwa wifi yako ni mahali pawili.

Sasa mwili wenyewe, kwa sababu hapa kuna mambo umeyasikia nusu nusu kwenye foleni.

Ni kweli kwamba dolutegravir, ile iliyomo ndani ya TLD, imehusishwa na kuongezeka uzito, na wanawake Waafrika ndio walioonekana kuongezeka zaidi. Utafiti mmoja mkubwa wa Afrika Kusini uitwao ADVANCE, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha hivyo. Lakini usiishie hapo. Sehemu ya uzito huo ni mwili kurudi katika afya baada ya virusi kuzimwa. Na efavirenz, dawa ya zamani iliyolinganishwa na dolutegravir katika utafiti huo, nayo ina kawaida ya kuzuia uzito kupanda kwa baadhi ya watu, kwa hiyo tofauti inaonekana kubwa zaidi. Kuhusu kurudi kwenye dawa za zamani, hakuna ahadi kwamba kilo zilizoingia zitatoka, na utakuwa umeiacha dawa ambayo si rahisi virusi kujenga usugu dhidi yake. Ni swali halali la kumuuliza daktari, liulize bila woga. Ila usilijibu peke yako jikoni.

Kuruka ruka ndiko nitakakokuwa mkali kidogo, unisamehe. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa SMART, ambamo baadhi ya watu walisimamishiwa ARV kwa vipindi kwa makusudi, wengine wakaendelea. Waliosimamishwa waliugua na kufa zaidi, na si kwa magonjwa nyemelezi tu: matatizo ya moyo, figo na ini nayo yaliongezeka kwao. Wewe mwenye presha ungekuwa unaupa moyo mzigo wa pili. Tena kumbuka kipimo chako kisichoonyesha virusi ndicho kinachomlinda mumeo. Mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ukiruka dozi, unagusa afya ya watu wawili.

Na hapana, hutwangi maji kwenye kinu. Hata kama dawa imechangia, mwendo wa asubuhi na soda uliyoacha vimekushusha kilo 7, si umeona? Kwa mtu wa kilo 92, kupungua kati ya asilimia 5 na 10, yaani kilo 4.6 hadi 9.2, ndiko wataalamu wanakosema kunaanza kuonekana kwenye presha na sukari. Wewe uko humo tayari, na presha yako imeonyesha, ingawa amlodipine nayo ina mkono wake. Lengo la kawaida ni kuwa chini ya 140 kwa 90. Umebakiza kidogo.

Poda ya mwenzako wa vikoba sitaki kumvunjia biashara, lakini hakuna poda inayochagua kitambi na kuacha uso. Mwili hautoi mafuta kwa kuagizwa. Bidhaa za namna hii zimewahi kukutwa zimechanganywa kimya kimya na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo, na ambayo hupandisha presha. Nyingine ni za kuharisha tu. Na zenye madini kama chuma, kalsiamu au magnesiamu huweza kuzuia dolutegravir isiingie mwilini vizuri. Ndiyo maana kliniki husema meza dawa yako muda wa saa 2 kabla ya vitu hivyo au muda wa saa 6 baada yake. Kopo lisilosema ukweli wa kilichomo ndani utalipangia saa ipi?

Kuna jambo hukulisema nami nalihisi, hayo magoti. Unameza nini? Kama unapitia duka la dawa kununua diklofenaki ya maumivu, mwambie daktari wako leo kabla ya kesho. Dawa hizo hupandisha presha, na zikitumika mara kwa mara pamoja na tenofovir iliyomo kwenye TLD huumiza figo. Magoti yenyewe yatakushukuru kadiri kilo zinavyopungua.

Umenieleza umepunguza ugali wa jioni. Vyema, ila nimepika kwa watu wengi maishani, na najua mpishi hali chakula, anaonja. Kijiko cha mchuzi wa nazi hapa, kipande cha samaki kilichovunjika pale, ukoko wa wali kwa sababu ni haramu kutupa, na konzi ya korosho wakati wa kusubiri wateja. Gramu 100 za korosho ni zaidi ya kalori 550, kijiko kikubwa cha mafuta ya kula karibu 120. Sikuambii uache kuonja, utauza chakula kisicho na chumvi. Nakuambia ujiwekee sahani yako mapema, saa ileile kila siku, uketi ule kama mteja: samaki, mbaazi au kunde, kisamvu kingi, ugali kiasi. Samaki na mbaazi hasa, maana mtu anayepungua huku anakula vya kujenga mwili na kutembea hubaki na misuli, uso haumwanguki. Ng'onda na papa mkavu ni vitamu lakini ni chumvi tupu. Loweka umwage maji, na usivile kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyojificha kwenye samaki wakavu na viungo vya pakiti.

Lingine dogo ambalo huenda likakusaidia kuliko yote niliyoandika: peleka nguo kwa fundi. Gauni lililoshonwa ukiwa na kilo 92 likivaliwa na mtu wa 85 linasema "anaisha" hata kama mwenyewe anang'aa. Sare ile ya mwali ndiyo iliyokusema, mdogo wangu. Nguo ikikukaa, watu husema umependeza.

Turudi kwenye njia ulizo nazo.

Unaweza kurudi kula kama zamani. Maneno yatapungua, mumeo atatulia, wateja watafurahi. Utakuwa umenunua amani kwa presha na sukari, na presha isiyotulizwa huharibu figo zilezile tunazozilinda dhidi ya madhara ya tenofovir. Mumeo anasema meza dawa yatosha. Kwa baadhi ya watu dawa hutosha kweli kushusha presha, sitamkatalia. Lakini haitibu magoti, wala sukari iliyoanza kupanda. Na ikifika mahali ukahitaji metformini, dawa ya kisukari, hiyo nayo huongezeka kwenye damu ya mtu anayetumia dolutegravir, ikabidi dozi yake iwekewe kikomo. Kila dawa mpya inaleta hesabu yake.

Unaweza kusimama hapo ulipo kwa muda. Husemi unarudi wala unaendelea. Unakaa kwenye 85, unatembea, unakula vilevile, macho yanazoea Mama Bonge mpya, halafu mnaangalia na daktari. Watu hudharau kusimama, mimi sidharau. Kilo zilizoshikiliwa ni kazi sawa na kilo zilizoondolewa. Hasara yake ni kwamba kusimama huteleza kirahisi kukawa kurudi, hasa mtu akikuletea chipsi kila jioni.

Unaweza kuendelea polepole na kuwa na jibu mdomoni. "Nina presha, daktari amenikataza." Ni kweli tupu, hujadanganya herufi moja, na presha haina aibu katika Mtwara hii, karibu kila ukoo una mwenye nayo. Wifi ukimwambia hivyo, pengine atakupunguzia chumvi siku ukienda kwake, pengine atakumbuka naye hajapima. Risiki ipo. Mwenye nia ya kusema atasema presha ni kisingizio. Na mganga wa bure hakosekani, jiandae kuletewa mizizi ya kila aina. Ipokee, shukuru, usiitumie kabla ya kuuliza kliniki.

Au unaweza kumwambia wifi ukweli wote upumzike, kama ulivyosema. Naelewa uchovu wa kubeba. Lakini ukishamwambia huwezi kumwambia asahau, kwa hiyo jiulize unamwambia kwa sababu unamwamini, au kwa sababu alikushtua. Je, siri za watu wengine huwa anakuletea wewe? Akikuletea, za kwako atazipeleka wapi? Hali yako ni mali yako. Sheria ya Kudhibiti na Kuzuia VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya matokeo yako na inakataza unyanyapaa. Ila sheria haikai kwenye uani wa mtu. Kama unatamani mtu wa kuzungumza naye, kabla ya wifi kuna wenzio. Uliza kliniki yako kuhusu konga, vikundi vya watu wanaoishi na VVU. Humo utakutana na wanawake waliopitishwa njia hiihii ya kukonda, kunenepa, na kuambiwa wapungue, na hutalazimika kueleza mwanzo wa hadithi.

Mumeo nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye ninayemfikiria zaidi. Umeandika kama vile yeye na daktari wamekaa pande mbili na wewe unachagua. Sina hakika kama ndivyo. Mwanamume aliyepima nawe, akakuoa akijua, akakaa kimya na siri yako miaka yote hii, si mtu wa kuniambia kwamba anaona aibu halafu nikaridhika kuwa ni aibu tu. Anaogopa nini? Huenda anaogopa ndugu zake watamgeuzia maswali, "na wewe je?" Huenda hana hakika kwamba kupungua kwako ni kwa mpango, usiku anakutazama ukilala anadhani unaanza kuondoka, na chipsi ndiyo dawa pekee anayoweza kuinunua. Au, tusifichane, aliupenda mwili ule na anaukosa. Kila moja kati ya hizo ina mazungumzo yake, na hutajua ni ipi kwa kubishana juu ya soda. Ungeweza kumwomba akusindikize siku ya kliniki, asikie mwenyewe namba za presha zikisomwa na amwulize daktari analotaka, wewe ukiwa nje ukipenda. Akikataa kwenda, angalau utakuwa umemwuliza. Akienda na bado akasema rudisha mwili, basi mna jambo zito zaidi la kukaa nalo, na hapo uniandikie tena.

Siwezi kukuambia uchague lipi. Mimi sitakuwapo uani wifi atakapokuuliza tena, wala sitaishi na magoti yako.

Ila kliniki fanya hili, lolote utakaloamua. Kila ukienda watakuuliza kama una kikohozi, homa, jasho la usiku na kama umepungua uzito; ni maswali ya kutafuta kifua kikuu. Usiruke la uzito kwa kuogopa kuhangaishwa. Sema umepungua, sema kiasi gani, sema umefanyaje, waandike kwenye kadi kwamba ni kwa makusudi, ili siku ukipungua bila kukusudia waone tofauti. Na ukipungua bila kutaka, au ukianza kukohoa, usingoje tarehe yako. Vivyo hivyo kichwa kikiuma vibaya ghafla, macho yakaona ukungu, kifua kikabana au upande mmoja wa mwili ukalegea: acha sufuria jikoni, nenda hospitali saa hiyohiyo, na mwenzio wa jirani akuangalizie kibanda.